Aya Moja, Muhula Mzima: Shajara ya Mradi wa Utangulizi

Jumanne, 6 Mei

Tumeanza. Wanafunzi 14 wa Kidato cha Tatu hapa Mombasa, wote wa chama cha Kiswahili, tunakutana Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni baada ya masomo. Mradi wenyewe ni mdogo: muhula mzima tutashughulikia aya ya kwanza tu ya insha ya tatizo na suluhisho. Mwalimu mwenzangu tunayekaa naye meza moja ameshanicheka. "Aya moja miezi mitatu? Hitimisho watalijua lini?" Nimemwambia hitimisho lisubiri foleni.

Sababu niliipata muhula uliopita nikisahihisha. Swali lilikuwa la kawaida: uhaba wa maji mijini, visababishi vyake na hatua za kukabiliana nao. Nilipofika karatasi ya kumi nikajigundua sisomi tena aya ya kwanza. Macho yalikuwa yanairuka yenyewe. Mtahini wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ana rundo kubwa kuliko langu, naye ni binadamu.

Leo nimewapa swali lile lile, waandike utangulizi tu, dakika kumi. Nanakili mmoja hapa kama ulivyo, maana unawakilisha wengi:

"Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa maji ni uhai. Ni bayana kama jua la utosini kuwa uhaba wa maji ni donda sugu ambalo limezua tumbojoto si humu nchini tu bali ulimwenguni kote. Tangu azali binadamu amekuwa akihitaji maji. Katika insha hii nitajadili visababishi vya tatizo hili na suluhu zake."

Sarufi safi. Tahajia safi. Aliyeandika ana bidii, na misemo hiyo ameikariri kwa jasho. Wenzake vilevile: tisa kati ya 14 wameanza na wahenga, wawili na "tangu azali", na mmoja amewikisha jogoo kabisa, katika insha isiyo ya masimulizi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeuandika utangulizi ule ubaoni bila jina la mwenyewe, kisha nikafuta neno "maji" kila lilipo na kuacha pengo. Wajaze watakavyo. Wakaja na ajira. Wakaja na madarasa. Chakula. Mmoja wa nyuma akatia "nywele": uhaba wa nywele ni donda sugu ambalo limezua tumbojoto ulimwenguni kote. Darasa likaangua kicheko hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia.

Walipotulia nikauliza: aya inayokubali maji na nywele kwa usawa, imemwambia msomaji nini? Kimya. Halafu binti mmoja, yule wa mbele kabisa, akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, mtahini anataka methali."

Hoja ya haki, na sikuipuuza. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE ina insha mbili, kila moja alama 20, na mtahini anapima pia utajiri wa lugha. Kuna insha ya methali, ambapo methali ndiyo swali lenyewe, hiyo huna budi kuibeba tangu mwanzo. Insha ya tatizo inaomba kitu kingine. Mtu akikujia mlangoni akilia, hutamuuliza wahenga walisema nini, utamuuliza kumetokea nini. Nadhani nusu yao walinielewa. Nusu nyingine waliandika "mtu akikujia mlangoni akilia" kwenye daftari kama msemo mpya wa kukariri.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa nimewatuma nyumbani na swali moja tu: maji ya jana mliyapataje? Msiniletee maji ya dunia, nataka yale ya ndoo ya kwenu.

Wamerudi na mambo. Kijana wa Mji wa Kale anasema wao huteka kisima cha jirani, lakini yana chumvi, ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa hununuliwa. Nikaona niwaeleze kwa nini: kisiwa kimezungukwa na bahari, na maji ya bahari hupenya ardhini hadi visimani. Binti wa Kisauni anasema mfereji wao hufunguka Jumatano usiku. Basi. Siku nyingine ni mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Wa Likoni hakuwa ameuliza mtu, akabuni papo hapo, na tulimjua.

Nikauliza maji ya Mombasa hutoka wapi. Mmoja akajibu kwa uhakika: baharini, yanachujwa. Nikachora ramani mbaya sana ubaoni. Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, bomba la kilomita zipatazo 220 mpaka pwani. Visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi. Marere kule Shimba Hills na visima vya Tiwi, vyote Kwale. Wakaitazama ramani. Vyanzo vikubwa vyote viko nje ya kaunti yetu. "Kwa hivyo tunakunywa maji ya majirani," akasema kijana wa Mji wa Kale, na nikamwambia aiandike sentensi hiyo kabla haijamtoroka.

Jumanne, 20 Mei

Leo nimeona kitu ambacho sikukipanga.

Binti wa Kisauni ameandika hivi, baada ya rasimu nne:

"Mfereji wa ploti yetu hufunguka Jumatano usiku, saa isiyojulikana. Asiyekesha hukuta hewa. Siku sita zinazobaki mama hununua mitungi minne kwa siku, shilingi 30 kila mtungi, na kufikia Jumatano nyingine amelipa shilingi 720. Maji yanayofika Kisauni ni machache, lakini kinachotuumiza zaidi ni kwamba hakuna ajuaye yanafika lini."

Maneno hayafiki 60. Nikamwambia aendelee hadi mwisho wa insha bila msaada wangu. Sasa nimeweka kando kwa kando suluhisho zake za muhula uliopita na za leo. Zile za zamani: serikali ichimbe visima, wananchi wahamasishwe, miti ipandwe. Za leo: ratiba ya mgao itangazwe kwa ujumbe wa simu ili watu wasikeshe, wapangaji wa ploti wachange tangi moja la pamoja, mabati ya ploti yawekewe mifereji ya kukinga mvua wakati wa masika. Aliposoma orodha ile ya zamani kwa sauti, akafika kwenye visima, kijana wa Mji wa Kale akapaza sauti: "Vyenu pia vitatoka chumvi!"

Sikumfundisha suluhisho hata moja kati ya hayo. Yametoka kwenye sentensi yake ya mwisho. Alipoandika kwamba kinachouma ni kutojua lini, ratiba ikajileta yenyewe. Muhula uliopita aliandika kwamba tatizo ni la ulimwengu kote, naye atautatulia ulimwengu kwa kitu gani? Ndipo mtoto hukimbilia "serikali ihamasishe".

Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwa miaka kwamba utangulizi ni wa kumvutia msomaji. Nimeanza kushuku kwamba nimekuwa nikiwaambia nusu ya jambo, tena ile nusu nyepesi. Utangulizi unamfunga mwandishi mwenyewe. Ukilipima tatizo kwa ukubwa unaoubeba, suluhisho nalo linakuja kwa ukubwa wa kubebeka.

(Kando: nimewaomba waandike "suluhisho" na waiache "suluhu". Suluhu kwetu huku ni ya waliogombana wakapatanishwa. Magazeti yamezichanganya siku nyingi na sitarajii kushinda vita hivyo, lakini darasani kwangu maji hayajagombana na mtu.)

Jumanne, 27 Mei

Wiki mbovu. Wamelipenda jambo hili kupita kiasi.

Kila utangulizi sasa ni hadithi. Mmoja amejaza ukurasa mzima na nusu kabla tatizo halijatajwa. Mwingine amemuua nyanya yake kwa kiu, na ninamjua nyanya huyo, Jumapili nilimwona Kongowea akinunua nazi. Kisha takwimu: "asilimia 78 ya Wakenya hawana maji". Umeitoa wapi? "Nimekadiria, Mwalimu." Kwa nini 78 na si 80? "80 ingeonekana nimebuni."

Nilicheka, lakini hili ni zito. Tukaweka sharti: nambari inayoingia katika aya ya kwanza ni ile uliyoihesabu mwenyewe au unayoweza kusema imetoka wapi. Mitungi minne kwa shilingi 30 ina nguvu kuliko asilimia ya kubuni, kwa sababu msomaji anaweza kuijumlisha na akapata 720 ile ile.

La urefu tulilimaliza kwa saa. Karatasi ya kwanza ni saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kwa hivyo kila insha ina dakika 50 na kitu, na inatakiwa isipungue maneno 400. Ukitumia maneno 200 kulia, umebaki na 200 za kutibu. Tumekubaliana 50 hadi 70. Aliyemuua nyanya yake amepewa kazi ya kumfufua kwa sentensi tatu.

Jumanne, 3 Juni

Leo nimewapa mada ngumu kwa makusudi: muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa.

Hapa hakuna asiye na la kusema. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, kaunti za Kilifi na Taita Taveta nazo zikafuata, na siku chache baadaye mahakama ya Embu, kunakolimwa muguka wenyewe, ikasimamisha marufuku hayo. Watoto hawa waliyaona yote haya mitaani kwao.

Nikawauliza tatizo ni nini, nikaandika majibu ubaoni bila kubishana nao. Yakatoka matatu makubwa. La kwanza: tatizo ni muguka. La pili: tatizo ni kwamba watoto wanauziwa. La tatu, lilisemwa na kijana wa Majengo ambaye kwa kawaida hasemi: "Tatizo ni kwamba wanaokaa maskani tangu asubuhi hawana pa kwenda."

Kisha nikachora mshale mbele ya kila moja. Ukiandika la kwanza katika utangulizi, insha yako imekwisha: ni marufuku, na aya sita zinazofuata ni za kupamba marufuku hayo. Ukiandika la pili, unazungumzia umri, leseni, umbali wa kibanda na lango la shule. Ukiandika la tatu, hutakuwa hata na haja ya kuutaja muguka zaidi ya mara mbili. Utaandika kuhusu vibarua vya bandarini na kozi za ufundi. Mmea ni ule ule. Aliyelitaja tatizo kwanza ndiye aliyechagua dawa, hata kama hakujua anachagua.

Mjadala ulipopamba moto niliona binti mmoja ameinamia daftari. Sikumwita. Wengine walipotoka alibaki akikusanya vitabu polepole, kisha akaniletea karatasi bila kusema neno. Nimemwomba ruhusa ya kuinakili hapa, akakubali nisipotaja jina.

"Meza ya mama yangu ina mafungu ya muguka, karanga na maji ya chupa. Karanga hazilipi karo. Maji hayalipi karo. Siku moja mvulana aliyevaa sare ya shule ya msingi alikuja na shilingi 50, na mama akaangalia kwanza kushoto na kulia kabla ya kumkataza. Tatizo nitakaloliandika liko katika kule kuangalia kushoto na kulia."

Nimeisoma mara nyingi. Kama ningekuwa na kalamu nyekundu ningeitia mfukoni. Ninachojua ni kwamba hakuna insha ya marufuku inayoweza kufuata aya hii, wala ya kuutetea muguka. Kilichobaki ni kuuliza nani anamsimamia muuzaji wakati hakuna anayemtazama, na mezani atauza nini kingine cha kulipa karo.

Alhamisi, 12 Juni

Wiki iliyopita ilikatika kwa sababu ya Idd. Leo tumeshughulikia sentensi ya mwisho ya utangulizi, ile ambayo karibu wote huiandika "katika insha hii nitajadili". Nimeipa jina la bawaba, kwa kuwa mlango wote wa insha unaning'inia hapo.

Mada: taka za plastiki. Kijana wa Likoni ndiye aliyejitolea, akaandika ubaoni: "Katika insha hii nitajadili tatizo la plastiki na kupendekeza kwamba serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki."

Nikamuuliza leo ni mwaka gani. Akashangaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake si mchezo, kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo. Wakati huo yeye alikuwa bado shule ya msingi. Amekua ndani ya suluhisho analolipendekeza.

Hakuwa mvivu. Ni neno "plastiki" lililomponza, pana mno. Nikamwambia: tazama nje dirishani, niambie unaona plastiki gani. Akatazama mtaro wa nyuma ya jikoni. Chupa. Vifuniko vya chupa. Karatasi za biskuti. Mfuko mmoja tu, tena wa zamani. Akarudi ubaoni akafuta.

Rasimu ya pili: "Tatizo ni chupa za plastiki." Bora, lakini bado ni picha tu.

Rasimu ya tatu, tukiisukuma pamoja: "Mifuko imeondoka tangu 2017, lakini chupa zimebaki, kwa sababu mfuko ulikatazwa na chupa haikupewa wa kuirudisha."

Hii ina mgongo. Imesema nini kimeshafanyika, nini kimebaki, na kwa nini. Msomaji ameshajua kwamba insha itahusu nani azirudishe na kwa malipo gani, na hakuna "nitajadili" popote. Neno "kwa sababu" ndilo lililofanya kazi kubwa. Nimewaambia wakiona bawaba haina "kwa sababu", "kwa kuwa" au ndugu zake, waikague tena. Tayari naogopa kwamba wiki ijayo watazipachika hata pasipo sababu.

Tulichogundua pia: inakuwa rahisi zaidi ukianza na mkia. Andika suluhisho mbili tatu kwenye karatasi ya nyuma, ndipo urudi uulize, suluhisho hizi zinatibu nini hasa? Jibu ndilo bawaba yako. Mpaka sasa saba kati yao hufanya hivi bila kukumbushwa.

Jumanne, 24 Juni

Jaribio la saa. Swali jipya, dakika 52, mimi nikizunguka kama msimamizi wa mtihani halisi. Mada: msongamano wa wanafunzi madarasani.

Matokeo ni mchanganyiko. Watano wamerudi kwa wahenga mbio, saa ilipowatisha. Sitawalaumu, kilichokaririwa hakihitaji kufikiriwa, na hofu haina muda wa kufikiri. Wawili wameandika bawaba nzuri kisha wakaisahau, insha ikaelekea kwingine. Saba ndio waliofika. Mmoja amehesabu wanafunzi wa dawati lake: wanne kwenye dawati la watu watatu, na wa nne huandika akiwa ameweka daftari gotini. Nimekwenda kulithibitisha dawati hilo. Ni kweli.

Mwenzangu wa mezani amekubali kusahihisha karatasi zote 14 bila majina, zikichanganywa na zile za muhula uliopita. Aliporudisha alikuwa hacheki. Mwenye dawati amempa 15. Zamani alikuwa na 11. Lakini kijana wa Majengo, ambaye mimi nilimwona amepanda, amemshusha kutoka 12 hadi 10. "Hoja anazo, ila lugha imekauka. Hakuna tamathali hata moja. Umemvua nguo zote."

Tumebishana hadi chai ikapoa, na sehemu moja ameshinda. Nilikuwa nimewafanya waogope pambo. Kijana wa Majengo aliacha misemo kote, si mwanzoni tu, na insha yake ikawa kama taarifa ya polisi.

Alhamisi, 26 Juni

Nimewaomba radhi. Pambo halikatazwi, linatafutiwa kazi. Kisha kijana wa Mji wa Kale akauliza kama anaweza kurudisha methali kwenye insha yake ya maji. Nikasema inategemea. Akasoma:

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kwetu Mji wa Kale, mtungi wa lita 20 ni bahari ya watu sita hadi kesho jioni, na bahari yenyewe tunaisikia usiku tukiwa tumelala na kiu."

Nilimrukia kumpa mkono. Jaribu kuliweka neno "nywele" hapo. Methali imefungwa na mtungi, na mtungi umefungwa na watu sita. Ukiing'oa, aya inaanguka. Binti wa mbele, yule wa "mtahini anataka methali", alinitazama kwa jicho la ushindi na nikamwachia ushindi wake.

Jumanne, 8 Julai

Tumebaki na wiki tatu na kitu. Hali ilivyo: kumi wanaandika utangulizi unaoshindwa jaribio la pengo, maana yake hauwezi kubeba mada nyingine. Watatu bado wanayumba saa ikiwekwa. Mmoja amehama shule, na daftari lake liko kwangu.

Kijana wa Majengo ameandika upya ile ya madarasa na kuirudisha kwa mwenzangu mwenyewe, bila kupitia kwangu. Amepata 14. Mwenzangu ameniambia hilo kwa sauti ya chini, kisha akauliza kama Alhamisi anaweza kuja kukaa nyuma.

Binti wa mafungu ya muguka bado hajaandika aya ya pili. Nilimuuliza leo kama anahitaji msaada. "Sihitaji, Mwalimu. Namsubiri mama. Nimemuuliza angeuza nini kingine, na amesema ataniambia akishapiga hesabu."

Kesho: karatasi za manila mbili, kalamu za rangi, na kumdai yule wa Likoni rasimu yake ya chupa.